Kipande cha Kati

Zita aliweka begi lake mlangoni, akanawa uso kwa maji ya ndoo, akasema chai itasubiri. Alitaka kuviona vipande vyake vya shamba kwanza. Mama yake, Agripina, alikuwa anapepeta maharage uani. Alificha tabasamu nyuma ya ungo.

"Nenda," alisema. "Nenda ukajionee mwenyewe."

Siku kumi Zita alikuwa chuoni Morogoro. Alikuwa amesimama mbele ya wahadhiri saba kutoa taarifa ya mwaka wa tatu wa uzamivu wake, akaulizwa maswali mpaka koo likamkauka, na yote akayajibu. Profesa Benadetha, msimamizi wake, mwanamke asiyemsifu mtu bure, alimsindikiza hadi mlangoni na kumwambia, "Umebakiza msimu huu mmoja, Zita. Mvua zikiisha Mei, unaandika, unamaliza." Tangu Morogoro mpaka Songea, na Songea mpaka Mbinga, alikuwa akiyarudia maneno hayo kimoyomoyo, na kila alipoyarudia aliuona uso wa mpenzi wake, Tumsifu, ukicheka.

Vipande vyenyewe vilikuwa vitatu, bega kwa bega, kwenye mteremko chini ya nyumba. Baba yake alimpa avitumie mpaka atakapoolewa. Cha kushoto kililimwa ngolo, kilimo cha mashimo ambacho Wamatengo hawakufundishwa na bwana shamba yeyote: wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba miraba, wanawake huzifukia kwa udongo, na katikati ya kila mraba hubaki shimo la kunywa maji ya mvua. Cha kulia kilikuwa na matuta ya kawaida. Cha kati kilikuwa kitupu. Hakikupandwa kitu, na jani likiota liling'olewa. Chini ya kila kipande Zita alifukia hori la bati la kukinga maji na tope linaloshuka, na kila baada ya mvua alilipima tope hilo kwa mizani.

Uzamivu wote ulikuwa pale. Alitaka kujua bibi zake waliokoa udongo kiasi gani kwa mikono yao, na huwezi kujua kilichookolewa kama hujui ambacho kingepotea. Cha kati ndicho kilichokuwa kinamwambia. Misimu miwili kilikuwa kimeshasema, na huu ulikuwa wa tatu.

Alipofika ukingoni mwa shamba alisimama.

Kipande cha kati hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na ngolo, safu kwa safu, kingo zimenyooka, mashimo yamelingana, mbegu za maharage zimeshafukiwa. Ilikuwa kazi nzuri. Angeiona kwenye shamba la mtu mwingine angeisifu.

Alipiga magoti akalifunua hori la kati. Miaka yote hori hilo lilitoa tope jekundu la kujaza ndoo. Leo maji yalikuwa meupe, hata msumari uliodondokea chini aliuona. Mvua ya juzi ilikuwa imemezwa yote na mashimo. Jibu alilolitafuta miaka mitatu lilikuwa mbele ya macho yake, na halikuwa na faida yoyote, maana hakikubaki kipande kitupu cha kulilinganisha nacho.

"Umeona?" Mama yake alikuwa ameshuka nyuma yake, anahema kwa furaha. "Tumekufichia aibu."

"Aibu gani, mama?"

"Kipande kitupu mbele ya nyumba ya binti anayeposwa. Wageni wakija kutoka Kilimanjaro watasemaje? Watasema kijana wao anaoa mvivu."

"Nani anaposwa?" Zita aliuliza. Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali. "Nani aliwaambia mlime hapa?"

"Si pombe ililetwa?"

"Pombe ya nani?"

Agripina alimshangaa. "Ya Afisa. Ya Tumsifu. Alhamisi ile ulipokuwa safarini, madumu matano, ya ulezi. Hukumtuma wewe?"

Zita aliketi chini, palepale kwenye udongo mbichi.

Alielewa yote bila kuelezwa zaidi. Tumsifu alikuwa mtu wa Machame, amepangiwa kazi ya afisa uvuvi ufukweni Lundo miaka miwili iliyopita. Kwao mwanamume haendi ukweni mikono mitupu. Huenda na pombe, akajitambulisha kwa adabu. Maskini hakujua amefika ntambo wa nani, yaani mlima wa ukoo upi. Huku juu, kwenye migongo ya milima ya Mbinga, msimu wa kufyeka nyasi pombe ikishushwa uani kwa mtu hakuna anayeuliza ni ya nini. Hiyo ni ngokela. Unakunywa jioni, alfajiri unakuja na jembe. Anayekunywa asilime atasemwa mpaka siku ya mazishi yake. Na kwa kuwa Jumatano ya Majivu ilikuwa mlangoni, wanawake wa ntambo walikunywa kwa moyo mmoja, kisha wakaamka kulipa. Walitafuta mahali pasipolimwa, wakapaona pale pa kati tu.

Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Mgeni huyu alikuja na mwenyeji akaugua.

*

Baba yake aliyamaliza yaliyobaki. Mzee Alphonce hakuwa mtu wa kupaza sauti; aliongea taratibu akichonga mpini wa shoka, na kila neno lilikaa mahali pake kama kigingi.

"Mimi sijui habari za ngokela," alisema. "Mimi najua mwanamume ameleta pombe nyumbani kwangu, imenywewa, imekwisha. Hiyo ni posa. Ndugu nimeshawaambia. Padri nimeshamwona, na Ulutheri wa kijana utazungumzwa. Baada ya Pasaka mnafunga ndoa."

"Baba, nahitaji msimu mwingine. Profesa nimempigia. Amesema kipande kilekile, mteremko uleule, kirudishwe kilivyokuwa, kipumzike, nianze upya mvua za Desemba. Chuo kinanipa mpaka mwisho wa Juni mwakani. Zaidi ya hapo jina langu linafutwa."

"Omba kwingine."

"Kwingine hakufai. Misimu miwili ya nyuma itakuwa bure."

"Zita." Mzee aliinua macho. "Una miaka thelathini na mbili. Tulisema shamba ni lako mpaka uolewe. Ukiolewa, Justin anapanda kahawa yake. Ndugu yako amesubiri miaka mitatu akitazama ardhi tupu. Sikukuzuia kusoma. Lakini mtu hasomi mpaka uzazi ukamwisha."

Hapo palikuwa na fundo lote. Ndoa baada ya Pasaka maana yake kahawa ya Justin juu ya kipande cha kati, na kahawa juu ya kipande cha kati maana yake miaka mitatu imekwenda na maji.

Ilikuwepo njia nyingine, na aliyemwonyesha alikuwa Rodrick, mwenzake wa chuo, kwa simu jioni hiyo. "Mbona unajitesa," Rodrick alisema. "Chukua namba za mwaka jana, hapa punguza, pale ongeza, jaza. Nani atapanda mlima mpaka huko kwenu kuchungulia shimo? Unakabidhi tasnifu Julai, unaolewa, baba anafurahi. Kila mtu anafurahi."

Zita hakumjibu. Kilichomtia hofu ni kwamba hakumjibu.

*

Asubuhi, Ijumaa, alipanda gari la kwanza linaloteremka ziwani. Milima ilibaki nyuma, joto likaanza kupanda miguuni, na ziwa likatokea lote kwa mara moja, la buluu mpaka Malawi. Siku nyingine angelitazama. Leo alikuwa anapanga maneno.

Alimkuta Tumsifu mwaloni Lundo, katikati ya vichanja vya usipa, dagaa wa ziwani, ameshika daftari, anaandika samaki waliopokelewa. Alikuwa mrefu, mpole wa sura, na alikuwa na tabia ya kusikiliza kichwa kikiwa kimeinama kidogo. Tabia hiyo ndiyo iliyomteka Zita tangu siku alipompa nafasi kwenye gari la serikali na kumuuliza maswali ya udongo kutoka Mbamba Bay mpaka Mbinga. Tangu hapo kila Jumamosi alipanda mlima kumsomea kipima mvua. Watu walisema amerogwa. Shangazi Hildegardi, dada yake Mzee Alphonce, ndiye pekee aliyemkataa kijana katakata. Siku kijana alipojitambulisha, "Naitwa Tumsifu," shangazi alidhani ni salamu ya Kikatoliki, akaitikia, "Milele, amina," akasubiri atajiwe jina. Alipoambiwa jina ni hilohilo, na mwenyewe ni Mlutheri, aliondoka bila kuaga.

Tumsifu alimwona, akafunga daftari. Hakutabasamu.

"Umeshafika nyumbani," alisema.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi. Nilipanda kusoma mvua, nikakuta wameshalima."

Zita alihesabu kichwani, na hasira aliyokuja nayo ikazaa nyingine. "Jumamosi. Na mimi nilisimama mbele ya wahadhiri Jumatatu. Tulizungumza Jumapili jioni. Uliniuliza nimekula nini."

"Ndiyo."

"Nikakuuliza mvua ikoje, ukasema nzuri."

"Mvua ilikuwa nzuri, Zita."

"Usinifanye mtoto." Wanawake wawili waliokuwa wanageuza usipa walinyamaza, wakaongeza kasi ya kugeuza. "Umeniacha nimesimama pale, nimewaangalia watu saba machoni, nimewaambia msimu wa tatu unaendelea vizuri. Umenifanya mwongo na mimi sijui."

Tumsifu alichomeka kalamu mfukoni. "Niliogopa ukiambiwa ungeanguka mbele yao. Nilisema amalize kwanza, akirudi nitamwambia uso kwa uso. Jana nilikuwa zamu ya doria, sikupata ruhusa ya kupanda. Sisemi hili ili unisamehe."

"Na pombe? Hukuweza kuuliza mtu mmoja, mmoja tu, pombe huku kwetu ina maana gani?"

"Nilimuuliza baba yako kama naweza kuleta. Akasema leta."

"Baba alikuwa anajua anachokitaka. Wewe ulikuwa unajua nini?"

Zita alitamani ajitetee. Mtu akijitetea unapata pa kumpiga. Huyu alisimama tu na kichwa chake kimeinama upande, vilevile kama alivyosimama siku ya kwanza, na Zita akajichukia kwa kuona kwamba bado anampenda.

"Baba anasema ndoa ni baada ya Pasaka," alisema kwa sauti ya chini. "Shamba anapewa Justin. Uzamivu wangu unakufa siku ileile unayonivisha pete. Furahi sasa. Si ulitaka kuoa?"

"Sikutaka hivyo."

"Iko njia." Alisema haraka, kabla hajabadili nia. "Rodrick anasema nijaze namba. Nimalize Julai. Za mvua unazo wewe, za tope ninazo mimi. Hakuna mtu wa tatu."

Tumsifu aliingia kwenye kibanda cha ofisi akatoka na daftari jingine, lenye jalada la kijani. Zita alilijua. Ndilo alilompa mwenyewe, la mvua. Tumsifu alilifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa, akampa.

Mwandiko ulikuwa wa kalamu ya wino, umenyooka. *Jumamosi. Mvua milimita 31. Kipande cha kati kimelimwa ngolo jana, Ijumaa. Sababu: pombe niliyoileta mimi Alhamisi. Hori la kati, tope: hakuna. Tumsifu.*

"Uliniambia niandike ninachokiona, siyo ninachotaka kukiona," alisema. "Siku ya kwanza kabisa uliniambia hivyo. Nikaandika. Huo ukurasa ni wako. Ukitaka kuuchana, chana. Sitakuuliza leo, na sitakuuliza siku tukiwa na wajukuu."

"Hutakuwa na wajukuu na mimi."

Alilibana daftari kwapani akaondoka. Hakugeuka. Alijua akigeuka atarudi.

Kwenye gari la kupanda mlima alikaa dirishani, akaufungua ukurasa ule, akaushika pembeni kwa vidole viwili. Ilikuwa karatasi moja tu. Akiuvuta kidogo, ana shahada na ana mume. Alifikiria Julai. Alifikiria joho. Alifikiria pia kwamba yule mwanamume, peke yake shambani, hakuna jicho lolote linalomtazama, aliandika jina lake chini ya kosa lake kwa wino. Yeye Zita angekuwa na uso gani wa kukaa naye meza moja na namba za uongo?

Msema kweli mpenzi wa Mungu, lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba mpenzi huyo halii. Zita alilia mpaka gari lilipoingia Mbinga. Daftari lilikuwa zima.

*

Jumapili baada ya misa ndugu walikutana kwenye sengu, nyumbani kwa Mzee Alphonce. Ni desturi ya zamani ya Wamatengo: wa ntambo mmoja wanakula pamoja, na baada ya kunawa kila mwenye neno analisema hapo, siyo njiani. Ugali ulikuwa haujafunuliwa, Tumsifu akatokea mlangoni ameshika mfuko.

"Shikamoo mama," alimwambia Agripina. "Nimeleta usipa. Lakini naomba kuuliza kwanza. Hapa kwenu, usipa ukiletwa unamaanisha nini?"

"Marahaba. Unamaanisha mboga, baba," Agripina alisema, akaugeuza uso wake haraka. "Ingia."

Walikula. Zita alikaa upande wa wanawake, na mara mbili macho yao yalikutana juu ya masinia yakaachana. Shangazi Hildegardi alikuwa amekaa wima na rozari shingoni, anautafuna usipa wa Mlutheri kwa shaka.

Maji ya kunawa yalipopita, Mzee Alphonce alisafisha koo. "Posa imekuja, mmeisikia. Nataka tupange ndoa."

"Baba, naomba neno," Zita alisema. "Nataka kuuliza kabla hamjapanga. Ile pombe ilikuwa ya nini?"

"Nimeshasema. Ya posa."

"Kama ni ya posa, kwa nini watu walilima?"

Mzee alilisukuma kando beseni la kunawia.

"Nimekulia hapa," Zita aliendelea. "Sijawahi kuona pombe moja ikalipwa mara mbili. Waliokunywa walikuja na majembe, wakalima, wakalipa. Deni lake limekwisha pale shambani. Mtu hawezi kulipwa kwa jembe, halafu alipwe tena kwa binti."

Mnong'ono ulipita upande wa wanawake. Mzee Alphonce aligeuka kumwangalia dada yake, kwa maana Hildegardi ndiye aliyewaongoza wale wanawake, na kwa mambo ya desturi hakuna aliyethubutu kumpita.

"Hildegardi. Waambie."

Shangazi aliitazama rozari yake, akamtazama Tumsifu, na Zita akaona kitu kimewaka machoni pake. Alikuwa ameona mlango wa kumtoa mgeni nje, tena mlango halali.

"Nitasema ninalolijua," alisema. "Pombe ya posa, kikombe cha kwanza anapewa shangazi. Amekaa, ametandikiwa mkeka, anaulizwa, 'Shangazi, tunywe?' Akisema mnywe, wanakunywa. Mimi sikutandikiwa. Mimi sikuulizwa. Nilikunywa nimesimama pale jikoni kwa kata, kama mtu wa kibarua. Asubuhi nikaenda kulima kama mtu wa kibarua." Aliuma maneno. Kumbe kidonda kilikuwa hapo tangu siku ile. "Ile ilikuwa ngokela. Huyu kijana hajaposa."

"Hildegardi," Mzee alisema kwa onyo.

"Uliniuliza, nimejibu. Hajaposa. Hakuna posa, hakuna ndoa ya Pasaka. Na mimi kusema kweli sioni hasara. Tumpeleke mtoto wetu mpaka Kilimanjaro, akizikwa kule kwenye migomba yao nani atakwenda kumlilia?"

Zita alikuwa amepata alichokuja kukitafuta. Kama hajaposwa, haolewi, na kama haolewi, shamba bado ni lake. Alikuwa amepata mvua za Desemba. Lakini alipomtazama Tumsifu aliona bei yake. Mwanamume aliyeingia mle ndani akiwa mkwe sasa alikuwa mgeni aliyeleta mboga.

Mzee Alphonce aliukunja uso. Alikuwa mkaidi, ila alikuwa mkaidi wa haki, na neno la sengu lilikuwa limesemwa mbele ya watu wote. "Kijana," alisema hatimaye. "Umesikia. Una la kusema?"

Tumsifu alisimama. "Baba, shangazi amesema kweli. Nilileta pombe bila kujua nilichokileta, na imemharibia Zita kazi ya mwaka mzima. Sina haki ya kudai kitu juu ya pombe hiyo. Naomba moja tu, ruhusa ya kuendelea kusoma mvua Jumamosi."

"Binti hana mchumba sasa. Mlango uko wazi kwa yeyote atakayekuja na heshima. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Mwaka mzima."

"Naelewa, baba." Aliuokota mfuko wake mtupu. "Amalize kwanza."

Zita aliinama akajifanya anakusanya masinia. Angeinua uso, wote wangeuona.

*

Kipande cha kati kilipaswa kurudishwa mapema, udongo ukae, ulale kabla ya Desemba. Jumatatu Tumsifu aliomba ruhusa kazini akapanda mlima na jembe la kuazima.

Kufyeka nyasi ni kazi ya wanaume, na kuchimba ngolo ni kazi ya wanawake. Kuzifukia haikuwa kazi ya mtu yeyote, kwa maana tangu mlima uwepo hakuna aliyewahi kuzifukia. Habari zilisambaa. Kufika saa nne wanawake wa ntambo walikuwa wamejipanga juu ya mteremko, mikono viunoni, wanamtazama Mchaga anayezika maharage yao. Walicheka, wakachoka kucheka, wakabaki kutazama. Zita alifanya kazi upande wa pili wa kipande. Kati yao yalikuwapo mashimo mengi bado.

"Kiganja chako kinatoka damu," Zita alisema mwishowe.

"Nimekiona."

"Kwa nini umekubali upesi vile jana? Hata hukubisha."

Tumsifu aliegemea jembe. "Ningebisha nini? Ningebisha ningepata mke mwenye uchungu na mimi mpaka uzee. Afadhali nisubiri nikose kuliko nikupate hivyo."

"Na ukinikosa kweli?"

"Nitakuwa nimekusomea mvua vizuri."

Zita alilitupa jembe lake, akavuka mashimo, akakichana kitambaa cha kichwani kwake na kumfunga kiganja, polepole kuliko ilivyohitajika. "Sijakusamehe ile Jumapili ya simu," alisema bila kuinua macho. "Mvua nzuri. Usinifiche tena kitu, hata kama nitaanguka. Niache nianguke mwenyewe."

"Sitakuficha."

"Basi ukija mwakani, uje mvua zikiisha. Nikiwa nimekabidhi."

Tumsifu hakupata nafasi ya kumjibu, kwa maana kivuli kilianguka kati yao. Shangazi Hildegardi alikuwa ameshuka mteremko, kanga imefungwa kiunoni, jembe begani. Zita aliuachia mkono. Wote wawili walisimama kama watoto waliokutwa kwenye sukari.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba." Mama huyo alikagua kazi ya asubuhi nzima, mashimo yaliyofukiwa nusunusu. "Unafukia kama mtu anayezika paka. Mvua moja tu itafukua yote. Sogea."

"Shangazi, leo hatuna pombe ya—"

"Nimeomba pombe? Ni Kwaresima." Alishusha jembe. "Ngolo hizi nilizichimba mimi kwa mikono yangu. Nikaambiwa jana na mama yake kwamba nimemharibia mtoto shule ya miaka mitatu. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilidhani ni uvivu." Alipiga jembe la kwanza, akasawazisha kingo kwa ubapa wake, akafika la tatu na la nne kabla hajasema tena. Juu ya mteremko wanawake wenzake walitazamana, mmoja akashuka, kisha wengine.

Walifukia mpaka jua lilipovuka utosi. Hildegardi alisogea safu kwa safu mpaka akawa sambamba na Tumsifu, wote wawili wameinama.

"Wewe Milele Amina," alisema bila kumtazama.

"Naam, shangazi."

"Kikombe cha kwanza ni cha nani?"

Jembe la Tumsifu lilisimama hewani. "Ni chako, shangazi."

"Nimesimama?"

"Umekaa. Kwenye mkeka. Nakuuliza, 'Shangazi, tunywe?'"

"Haya. Lima."

Zita alikwenda kukaa kando ya hori, mgongo wake kwao, daftari la kijani magotini, mpaka alipoweza kuona mistari tena. Chini ya ule ukurasa wa wino, ambao haukuchanwa, aliandika tarehe. Kisha akaandika: *Kipande cha kati: kitupu.*